Kulea na Kufunza: Mtoto Mdogo Apelekwe Wapi?

(Hotuba iliyosomwa na karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garbatulla)



Katika mikutano ya kamati ya mwaka huu swali moja limeletwa mara nyingi kuliko mengine yote. Limeletwa na akina mama, nalo ni hili: mtoto ambaye hajafikia umri wa kuingia Gredi ya Kwanza akae wapi wakati mama yake yuko kazini? Apelekwe mahali pa kulelea watoto mchana, ama apelekwe chekechea? Kamati ilituagiza sisi tulio katika kazi ya ukarani tulichunguze swali hilo, kwa kuwa ndio tushikao majalada na kuzisoma sheria zinapotolewa, kisha tulete majibu mbele ya mkutano. Tunashukuru kwa heshima hiyo, na twaomba mtusikilize kwa subira.

Huenda baadhi ya wazee wakaona kwamba jambo hili ni la jikoni, halistahili mkutano mkuu. Twaomba kutofautiana nao kwa adabu. Chama cha ustawi kimeundwa ili watu wastawi, na mtu huanza kustawi au kudhoofika akiwa bado hawezi kusema anachotaka. Tena gharama za jambo hili zimekwisha kuingia katika vitabu vyetu, kama tutakavyoonyesha.

Tutazame mambo yalivyo. Mama auzaye maziwa hutoka nyumbani alfajiri, maana maziwa hayangoji jua. Mwuguzi hutoka kwa zamu. Mwenye meza ya mboga sokoni hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mtoto mdogo hubaki, na njia tuzitumiazo ni tatu. Kwanza, dada yake wa miaka tisa au kumi hukatizwa shule ili amshike. Pili, mtoto wa miaka miwili na nusu huvikwa sare ya kaka yake na kupelekwa chekechea pamoja naye, na mwalimu akiuliza umri huambiwa kwamba ametimiza minne. Tatu, huachwa kwa jirani mwenye moyo mwema, ambaye tayari ana watoto wake watano na wa wenzake sita. Mzazi hurudi jioni akamkuta mtoto yu hai, akamshukuru Mungu. Lakini yule dada amepoteza masomo ya juma zima, na yule mdogo wa chekechea amelala kwenye sakafu nusu ya asubuhi. Wasichana waliochelewa masomo kwa sababu hii ndio hao ambao baadaye hutujia kuomba msaada wa karo wakiwa wamewapita wenzao kwa umri. Ndiyo maana tumesema kwamba gharama hii imo katika vitabu vyetu.

Sasa tufahamiane katika maneno. Mahali pa kulelea ni pale ambapo mtoto hukaa chini ya mtu mzima tangu mama atokapo hadi arudipo: ale, alale, aoshwe, acheze, alindwe. Chekechea, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la shule ya vidudu au nasari, ni shule. Kwa mtaala ulioanza kutumika nchini Kenya nzima mwaka 2019, ina madarasa mawili: PP1 kwa mtoto wa miaka 4, na PP2 kwa mtoto wa miaka 5; akitimiza 6 huingia Gredi ya Kwanza. Mtaala huo umepanga vipindi 25 kwa juma, na kila kipindi ni dakika 30. Tukizidisha, twapata saa 12 na nusu kwa juma, yaani saa 2 na nusu za mafunzo kwa siku. Hata tukiongeza mapumziko, uji na michezo, asubuhi moja yatosha.

Hesabu hii ndogo yafumbua sehemu kubwa ya swali letu. Mama wa sokoni ana kazi ya saa nane au tisa. Chekechea imepangiwa saa 2 na nusu za mafunzo. Hata mtoto wake akiwa na umri unaofaa, chekechea haiwezi kuwa jibu la siku nzima, maana haikuundwa kwa ajili hiyo. Baada ya adhuhuri mtoto huyo atakuwa njiani au mlangoni pa mtu, na mama bado yuko sokoni.

Kuna hesabu ya pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3. Chekechea humpokea mtoto akiwa na miaka 4. Kati ya siku mama arudipo kazini na siku mtoto aingiapo PP1 kuna pengo la miaka 3 na miezi 9. Mama afanyaye kazi yake mwenyewe hana hata hiyo miezi 3. Wengine hurudi sokoni mtoto akiwa na siku arobaini. Pengo hilo ndilo tunalojaribu kuliziba kwa wasichana wa shule, kwa majirani, na kwa kuongeza umri wa watoto mbele ya mwalimu.

Ndugu wanachama, shida hii haikuanzia kwetu wala haikuanza jana. Huko Roma, nchini Italia, daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa watu maskini uitwao San Lorenzo. Chanzo chake kilikuwa kwamba wazazi walishinda kazini, na watoto walioachwa peke yao wakawa wanaharibu majengo. Mahali hapo palianza kwa haja ya kulea, na kutoka hapo ikatokea namna ya kufunza ambayo jina lake leo limebandikwa kwenye milango ya shule nyingi ulimwenguni.

Hapa Kenya pia chekechea ilizaliwa na malezi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, watu wengi wa Mkoa wa Kati walikusanywa katika vijiji, na akina mama wakafanyishwa kazi za mikono mchana. Vilianzishwa vituo vya kuwatunza watoto wao. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wananchi walijenga shule nyingi za nasari kwa Harambee, nazo zikawa chini ya ofisi za ustawi wa jamii. Mwaka 1980 ndipo zilipohamishiwa Wizara ya Elimu. Tangu hapo upande wa kufunza ukapata walimu, vyuo na mitaala, na ule wa kulea ukasahaulika pole pole.

Sisi wa Waso tunayo historia yetu. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, familia nyingi za Waborana zilikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na Garbatulla ilikuwa mojawapo. Wazee wanaukumbuka wakati huo kwa jina la gaf daba, wakati wa kuzuiliwa. Mifugo ikaangamia kwa wingi. Mama ambaye zamani alikamua ng'ombe penye kizingiti cha nyumba yake, mtoto akiwa ubavuni, alilazimika kutafuta riziki mbali na kizingiti hicho. Ukame umeendelea na kazi hiyo. Ule uliokuja baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, uliwaleta wengine wengi mjini bila mifugo. Kwa hiyo yule asemaye kwamba mama zetu wa zamani hawakuhitaji mahali pa kulelea asema kweli. Lakini mama zetu wa zamani walikuwa na maziwa nyumbani.

Tumekwisha kuona shida. Sasa tuulize: mtoto mwenyewe ahitaji nini? Hapa tusiende mbali kutafuta mwalimu. Sisi ni watu wa mifugo, na kila kijana wa hapa ajua tofauti ya fora na warra. Mifugo yenye nguvu huenda fora, mbali, kutafuta malisho. Ng'ombe wa maziwa na ndama hubaki warra, karibu na nyumba. Ndama mchanga hafungwi kamba akafuata kundi la fora kwa sababu mwenyewe ana haraka ya kumwona ng'ombe. Kwanza hukaa kivulini. Kisha hulishwa karibu na boma chini ya macho ya watoto. Halafu, miguu ikikomaa, huenda na wenzake. Mchungaji apelekaye ndama fora haitwi mwenye maendeleo.

Watoto wa watu nao wana kivuli chao, malisho yao ya karibu, na safari yao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo juu ya malezi ya watoto wachanga, wakataja mambo matano: afya njema, chakula cha kutosha, usalama, mlezi anayemwitikia mtoto, na nafasi ya kujifunza mapema. Kujifunza ni jambo moja kati ya matano, nalo halitenganishwi na mengine manne. Shirika hilo la Afya lahimiza mtoto anyonyeshwe bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Mwaka 2019 lilieleza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na yule wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mtoto wa namna hiyo akiketishwa kwenye benchi asubuhi nzima, afanyalo ni kupigana na usingizi.

Basi jibu letu la kwanza ni hili. Mtoto aliye chini ya miaka 3 asipelekwe chekechea. Ahitaji mapaja ya mtu, maziwa, mkeka wa kulalia, na mtu mmoja amfahamuye kwa jina na kwa kilio. Mtoto wa miaka 4 na 5 asinyimwe chekechea, maana sasa ana maneno, ana maswali, na anataka wenzake. Kumfungia nyumbani na mtoto mchanga ni kumchelewesha. Baina ya hao wawili yuko mtoto wa miaka 3, ambaye ndiye mgumu. Huyo aamuliwe kwa kuhesabu mikono: ni watu wazima wangapi watakaomtazama, na watoto ni wangapi?

Tueleze kwa nini twasisitiza mikono. Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, kati ya mwaka 1962 na 1967 walichaguliwa watoto 123 wa familia maskini, wa miaka 3 na 4. Watoto 58 walipewa mafunzo, na 65 hawakupewa. Wakafuatwa hadi walipokuwa watu wa miaka 40. Wale waliofunzwa walimaliza shule ya sekondari kwa wingi zaidi, wakapata mapato mazuri zaidi, na wachache zaidi walikamatwa na polisi. Habari hii hutajwa mara nyingi na wale wanaotaka watoto wapelekwe shule wakiwa wadogo sana. Lakini yafaa isomwe hadi mwisho. Mafunzo yale yalikuwa ya saa 2 na nusu kila asubuhi; mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita tu; tena kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake. Mtoto wa miaka 3 akipata mwalimu wa namna hiyo, na apelekwe. Akiwa ni wa arobaini katika chumba cha mwalimu mmoja, heri abaki kivulini.

Tumesikia hoja kadhaa, nasi tungependa kuzijibu kwa heshima.

Hoja ya kwanza: mtoto asiyeanza shule mapema atashindwa na wenzake, na huenda akakataliwa Gredi ya Kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kutahiniwa ili akubaliwe katika shule ya umma. Mtihani waruhusiwa kwa ajili ya kumpanga darasani tu. Hakuna mzazi anayepaswa kuogopa mlango huo. Ama juu ya elimu yenyewe, mtoto wa miaka 3 hajengwi kwa kalamu. Hujengwa kwa maneno: kutajiwa majina ya vitu, kuulizwa, kujibiwa, kusimuliwa hadithi na mafumbo. Na maneno hayo huingia vizuri katika lugha ya mama. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba mtoto aanze kufunzwa kwa lugha ya mahali alipo, na mtaala wa leo wafuata njia hiyo hiyo. Mtoto wa Kiborana aliyejaa Kiborana atajifunza Kiswahili na Kiingereza kwa urahisi; yule ambaye hakuzungumziwa sana kwa lugha yoyote atapata taabu katika zote.

Hoja ya pili: nyanya yupo. Kweli, hakuna mlezi ashindaye akoo mwenye afya na wakati. Tena majirani zetu Wasamburu wametuonyesha jinsi ya kuutumia utajiri huo. Wao wana desturi iitwayo loipi, maana yake kivuli: akina nyanya huwakusanya watoto wadogo mahali penye kivuli na ua, wakawalinda na kuwafunza hadithi na nyimbo wakati mama zao wako kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 desturi hiyo haikuvunjwa. Iliongezewa nguvu kwa chakula, vitu vya kuchezea, na huduma ya kupima uzito na kuchanja. Lakini tukumbuke kwamba akoo naye huzeeka. Kumwachia mzee mwenye magoti mabovu watoto watatu wanaokimbilia barabarani ni kuwakosea wote wanne. Mkono mmoja haulei mwana.

Hoja ya tatu: mtoto wetu huenda duksi, na siku haina nafasi ya zaidi. Hoja hii ni nzito, kwa kuwa dini ni msingi wa watu wetu, na hatuna nia ya kuigusa. Twasema tu kwamba huko Mombasa, katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu walikuwa na wasiwasi huo huo. Kwa msaada wa Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, ziliundwa shule za awali zilizounganisha mafundisho ya dini na michezo na masomo ya kawaida, chini ya usimamizi wa jamaa wenyewe wa msikiti. Mpango huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Mtoto hakulazimika kuchagua, wala kukimbizwa kutoka mlango huu hadi ule tangu alfajiri. Yafaa maalimu wetu na walimu wa chekechea waketi pamoja na kupanga saa, ili mtoto wa miaka 4 asiwe na siku ndefu kuliko ya karani.

Hoja ya nne: chekechea kuna uji. Mzazi ampelekaye mtoto mdogo kwa ajili ya uji hastahili lawama hata kidogo. Katika mwaka wa ukame sote tungefanya vivyo. Lakini jambo hili lafundisha kwamba mtoto wa miaka 2 ahitaji uji hata zaidi ya yule wa miaka 5, nasi tumeuweka mahali ambapo sharti aseme uongo juu ya umri wake ili aupate.

Sasa, kwa mzazi atakayechagua, tumeandika maswali machache ya kuuliza mlangoni, popote atakapokwenda. Watoto ni wangapi, na watu wazima ni wangapi? Maji yatoka wapi, na choo kiko umbali gani na miguu midogo? Mtoto mchanga hulala juu ya nini, na nani anamtazama akilala? Ua una lango, na lango hufungwa na nani? Moto wa kupikia uko mbali na watoto? Nani anaruhusiwa kuja kumchukua mtoto, na jina lake limeandikwa? Mtoto akishikwa na homa, mama ataitwa kwa njia gani? Katika chekechea aongeze moja: je, watoto wa PP1 hushinda wakinakili herufi, au hucheza, huimba, huhesabu mawe na kusimulia? Mzazi aende saa nne asubuhi bila kutangaza, asimame kidogo, asikilize. Mahali pazuri pana kelele za kucheza. Mahali penye kimya kizito paogopwe, na mahali penye kilio kisichoitikiwa paachwe. Jina lililopakwa rangi juu ya mlango halitampa jibu hata moja kati ya haya.

Bwana Mwenyekiti, tungekuwa tumefanya nusu ya kazi kama tungeishia katika kumshauri mzazi. Mama hawezi kuchagua baina ya vitu viwili ikiwa kimoja hakipo karibu naye. Kwa hiyo twaleta pendekezo.

Twapendekeza kijengwe kivuli cha watoto karibu na chekechea, ndani ya ua mmoja ikiwezekana. Asubuhi kitawapokea wale walio chini ya miaka 4. Adhuhuri kitawapokea pia wale wa PP1 na PP2 wanapotoka darasani, wakae hapo hadi mama zao watakaporudi. Kwa njia hiyo ndugu wawili wataingia lango moja, na dada yao mkubwa ataendelea na shule yake. Wawepo walezi wawili watu wazima wanaolipwa, na akina akoo wenye nia waalikwe kuja kusimulia. Mhudumu wa afya aombwe kuja kila mwezi kuwapima watoto uzito. Mama anyonyeshaye aruhusiwe kuingia wakati wowote. Na kwa wale walioajiriwa tunawakumbusha waajiri kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka watenge mahali pa kunyonyeshea.

Juu ya fedha, tuseme ukweli. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Akina mama 12 wakitoa shilingi 50 kila mmoja kwa siku, zitapatikana shilingi 600. Uji na maji vikitolewa humo, kinachobaki hakitoshi kuwa ujira wa haki wa walezi wawili. Tukiwapandishia akina mama ada, watarudi kwenye zile njia tatu tulizozitaja. Tukiwapunja walezi, wataondoka, na mtoto atabadilishiwa uso kila mwezi. Kwa hiyo chama hakina budi kuongeza sehemu yake.

Wanachama mnafahamu kwamba katika makadirio ya mwaka ujao zimetengwa fedha za kuezeka upya ofisi yetu. Bati lile linavuja, hilo hatukatai. Na sisi makarani ndio tukaao chini yake, majalada yetu tukiyasogeza kila mvua inaponyesha. Twaomba ofisi ingoje mwaka mmoja. Majalada yanaweza kusogezwa. Mtoto wa miaka 2 mwakani atakuwa wa miaka 3, na mwaka huo hautarudi.

Tena tusibebe mzigo huu peke yetu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka kazi za serikali za kaunti. Na humo zimetajwa pamoja elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Maneno hayo mawili yamo katika sehemu moja. Serikali ya kaunti, iliyoanza kazi mwaka 2013, ndiyo iwaajirio walimu wa chekechea. Tukiiandikia barua, tuiombe kwa adabu iyatazame maneno yote mawili, yaani mwalimu wa asubuhi na mlezi wa mchana.

Neno la mwisho ni kwa sisi akina baba. Swali hili limeletwa na akina mama kwa sababu wao ndio waliouhisi uzito wake. Kujenga ua, kuchimba choo, kuleta maji kwa punda, na kumchukua mtoto jioni mama anapochelewa, si kazi zinazomshushia mwanamume heshima. Mchungaji hujivunia ndama wake. Naye baba asione haya kuonekana na mwanawe begani.

Basi twaweka mbele ya mkutano hoja tatu ziamuliwe leo. Ya kwanza, fedha za bati zielekezwe kwa kivuli cha watoto kwa mwaka mmoja. Ya pili, wachaguliwe watu watano, watatu wakiwa akina mama, wakutane na mwalimu wa chekechea na maalimu wa duksi ili kupanga saa za watoto. Ya tatu, barua iandikwe kwa serikali ya kaunti kabla ya mwezi huu kwisha. Barua hiyo tuko tayari kuiandika usiku wa leo.